Siku 35 za kutafuta ugonjwa wa kijiko changu

Nina kijiko kidogo cha mnyororo, yaani mashine ya kuchimbia, cha Kijapani, tani 3, injini ya dizeli yenye silinda tatu. Nilikinunua kikiwa kimetumika, Agosti 2023, kwa fedha ya misimu miwili ya korosho pamoja na mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kinachimba misingi ya nyumba, mashimo ya vyoo na mitaro ya mabomba, hapa Mtwara mjini na vijijini. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye mashine kama hiyo imemzimikia leo asubuhi, fundi yuko njiani na boksi la spana, na yeye hajui hata amwulize nini. Nilikuwa mtu huyo. Injini yangu ilifunguliwa mpaka pistoni zikaonekana, na ugonjwa haukuwa humo.

Ilianza Jumatano, Aprili 17, 2024, wiki moja baada ya Idi. Tulikuwa upande wa Nanyamba, tumepata mtaro wa bomba wa mita 900, kina mita moja, na mteja alishatoa malipo ya awali. Masika ilikuwa imelainisha udongo, kazi inakwenda. Tulipofika kama mita 260, injini ikaanza kupungua sauti. Opareta wangu alidhani amekamata mzizi wa mkorosho, akainua mkono wa kijiko. Sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikakohoa mara mbili tatu, kimya. Tukasubiri robo saa. Akapiga stata, ikawaka hapo hapo, safi kabisa, mpaka nikafurahi. Dakika thelathini na tano baadaye ikafa vilevile.

Nina desturi ya kuandika saa za mashine kwenye daftari, maana wateja wengi hulipa kwa saa. Siku hiyo niliandika hivi: imewaka saa 2:10, imezima 2:50. Imewaka 3:05, imezima 3:40. Imewaka 4:00, imezima 4:42. Mistari mitatu tu. Niliiandika kwa ajili ya hesabu ya mteja, sikuiandika kwa ajili ya fundi, na hakuna fundi aliyeomba kuiona kwa mwezi mzima. Jibu lilikuwa karibu lote humo.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa jirani na eneo la kazi, na sina lawama kwake. Alianza pale panapotakiwa kuanziwa: kikombe cha kutenga maji, kile cha kioo chenye pete nyekundu ndani. Pete hiyo huelea juu ya maji lakini ikazama kwenye dizeli, kwa hiyo ukiiona imepanda ujue maji yameingia. Yetu ilikuwa imepanda nusu. Akamwaga maji, akabadilisha filta ya dizeli, akatoa hewa kwenye njia ya dizeli, akaniambia shilingi 85,000 pamoja na filta. Injini ikafanya kazi saa mbili bila kuzima. Nikampa na nauli. Alipoondoka, ikazima.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Kwa kuwa filta na maji vilishashughulikiwa, nilijiambia "upande wa dizeli tumemaliza". Hatukuwa tumemaliza. Tulikuwa tumeangalia sehemu moja ya njia ndefu: kuna tanki, mfuniko wake wenye tundu la kupumulia, mdomo wa bomba la kunyonyea ndani ya tanki, hozi, kikombe, pampu ndogo ya umeme inayovuta, filta, ndipo dizeli ifike pampu kubwa na nozeli zinazoirusha ndani ya silinda. Sisi tuligusa vitu viwili katikati.

Fundi wa pili aliletwa kutoka mjini, mtu mwenye jina kwa malori. Nilimweleza kuwa inazima baada ya dakika thelathini na tano, arobaini hivi, na ikipumzika inawaka kama kawaida. Akanisikiliza huku anafungua boneti. "Dada, mashine za mtumba hizi kompresheni huwa imekwisha. Ikipoa inabana, ikipata moto inaachia." Maelezo yaliingia akilini. Yaliendana na nilichokiona, na yalisemwa na mtu mwenye mikono myeusi ya kazi, na mimi ni mwanamke niliyesimama kando na daftari. Nikanyamaza.

Leo ningemjibu. Injini iliyokwisha kompresheni, yaani silinda hazibani tena hewa vizuri, huonyesha asubuhi, ikiwa baridi: unapiga stata mpaka betri inalia, inawaka kwa shida, inatoa moshi mweupe, na ukifungua mfuniko wa oili inapumua kwa nguvu. Yangu ilikuwa inawaka kwa nusu mzunguko. Na kompresheni hupimwa kwa geji, inayofungwa mahali pa nozeli au pa plagi ya kupasha silinda moto kabla ya kuwasha, kazi isiyofika hata nusu siku. Hakuna aliyepima. Nami sikujua kuwa naweza kuomba ipimwe.

Jambo jingine alilofanya siku hiyo linanitia hofu mpaka leo: alipuliza spirei ya kuwashia kwenye njia ya hewa huku opareta ameshikilia ufunguo na plagi za kupasha zinawaka. Spirei ile inalipuka kabla ya wakati ndani ya silinda yenye plagi ya moto. Inaweza kuvunja ringi au pistoni. Mtu akikutolea kopo hilo kwa injini yenye plagi za kupasha, mzuie.

Tulirudisha mashine mjini kwa Fuso, 250,000. Nozeli zikatolewa, zikapimwa, zikabadilishwa ncha zote tatu, 390,000 pamoja na ufundi. Ikazima. Ikaamuliwa pampu kubwa ya dizeli ipelekwe Dar es Salaam kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Ikafungwa kwenye boksi, ikasafiri na basi kama kifurushi. Gharama yake na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa 460,000.

Pampu ikiwa huko, ikaja Hidaya. Kimbunga kilifika pwani yetu Mei 4, mvua zikakata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Watu walipata taabu kubwa kuliko yangu, walilala barabarani na watoto. Kwangu mimi maana yake ilikuwa kwamba boksi langu lilikaa Dar na mteja wa Nanyamba akawa anapiga simu kila asubuhi. Mwisho akasema, bila hasira, "Mama, nimechukua vijana na majembe." Nikamwambia ana haki. Nikaanza kutafuta fedha ya kumrudishia.

Katika kusubiri huko fundi akashauri tusikae bure, tufungue silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, "tujiridhishe". Neno hilo lilinigharimu 640,000: seti ya gasketi, kusawazisha hedi, oili mpya, ufundi. Hedi ilikutwa nzima. Silinda zilikuwa bado na mistari ya kiwandani. Niliziona mwenyewe, nilipitisha kidole ndani, laini na safi, na badala ya kufurahi nilihisi tumbo linavutika. Kama humu hamna ugonjwa, kule tunakokwenda ni wapi?

Pampu ilirudi Mei 17 na ujumbe kuwa haikuwa na tatizo, wamebadilisha sili tu. Ikafungwa. Jumatatu ya Mei 20 tukawasha, na sasa injini ilikuwa na mlio mpya, kugonga kukali kama nyundo kwenye bati, hasa ikiwa baridi. Fundi akasema itazoea. Dakika arobaini baadaye ikakohoa, ikazima. Sasa nilikuwa na ugonjwa wa zamani na mwingine niliouongeza kwa fedha yangu mwenyewe.

Usiku ule nilikaa kibarazani nikajumlisha kwenye daftari. 1,825,000. Hapo sijaweka siku za kazi zilizopotea wala fedha ya kumrudishia mteja. Jumamosi ilikuwa siku ya marejesho ya kikundi. Wanawake wale walinidhamini wakijua mimi si mtu wa kuchelewesha. Nililia, nikaosha uso, nikampigia dada yangu wa Masasi anikopeshe rejesho moja. Hakuniuliza swali. Ila alisema jambo: shemeji yake mvuvi huwa anamsifu mzee mmoja wa Mikindani anayetengeneza mashine za boti. "Boti ikizima katikati ya maji hakuna pa kupeleka pampu. Yule anajua kutafuta."

Mzee alikuja Jumatano, Mei 22, kwa bodaboda, na mfuko mdogo wa turubai. Hakugusa mashine. Aliomba kiti, akauliza maswali matatu. Ikizima, inakata ghafla kama umezima swichi, au inakohoa kwanza? Ikielemewa inatoa moshi wa rangi gani? Ukiiacha silensa tu bila kazi, inakaa muda gani?

Nikampa daftari. Alilisoma akiwa amelisogeza mbali na macho, ukurasa kwa ukurasa. Nikamjibu: inakohoa, haikati ghafla. Moshi haitoi wowote, inaishiwa nguvu tu. Silensa inakaa saa nzima na zaidi.

"Mwanangu," akasema, "mashine yako haina ugonjwa wa tumbo. Ina njaa."

Akanifafanulia, na hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo. Injini ya dizeli ikizima ghafla kama imezimwa kwa ufunguo, anza na umeme: solenoidi ya kuzimia (kifaa cha umeme kinachokata dizeli), fyuzi, waya uliolegea. Ikikosa hewa, labda filta ya hewa imeziba vumbi, itaelemewa huku inatoa moshi mweusi, kwa sababu dizeli ipo nyingi na hewa ni kidogo. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Lakini ikiishiwa nguvu bila moshi, inapanda na kushuka, halafu inakohoa na kufa, basi dizeli haifiki. Na ikiwa inaweza kukaa silensa muda mrefu lakini kazini inakufa mapema, maana yake dizeli inafika kidogo: inatosha kwa kupumua, haitoshi kwa kubeba. Ukiipumzisha inafufuka, kwa hiyo kinachoziba kinaachia chenyewe wakati hakuna mvuto.

Kisha akafanya kipimo ambacho hakikunigharimu kitu. Akaomba dumu safi la lita 5, akalijaza dizeli iliyochujwa, akalifunga kwa kamba juu ya kijiko, juu zaidi ya usawa wa injini. Akachomoa hozi inayotoka kwenye tanki, akaunga hozi ya dumu moja kwa moja kwenye njia ya kuingilia filta. Hozi ya marejesho, ile inayorudisha dizeli iliyobaki, akaitumbukiza humo humo dumuni. Tanki likawa limekatwa kabisa katika mzunguko. Akatoa hewa kwenye skrubu ya filta mpaka mapovu yakaisha, akaiwasha.

(Hili la kutoa hewa, tahadhari moja. Injini za zamani kama yangu unaweza kulegeza nati za mabomba ya nozeli ukapiga stata ili hewa itoke. Injini mpya za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye mgandamizo mkubwa sana, usiziguse hivyo. Na kwa injini yoyote usipitishe mkono mbele ya bomba la nozeli linalovuja: dizeli hutoka hapo kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 100, inapenya ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la kukimbilia hospitali hata kama halitoki damu.)

Tulichimba shimo lisilo na kazi nyuma ya nyumba yangu, Mangamba. Dakika thelathini zikapita. Arobaini. Opareta alikuwa ananitazama mimi badala ya ndoo. Hamsini. Mzee alikuwa chini ya mwembe anakunywa kahawa na ameitupia mashine mgongo, anasikiliza. Saa moja na dakika kumi injini ikiwa imeelemewa muda wote, haikukohoa hata mara moja. Kwa hiyo pampu ilikuwa nzima. Nozeli zilikuwa nzima. Hedi ilikuwa nzima. Kila nilichokilipia kilikuwa upande wa pili wa hozi.

Akalegeza mfuniko wa tanki asikilize kama unavuta hewa. Wenyewe ulikuwa unapumua vizuri. Akakagua hozi ya kunyonyea, akaniambia jambo nisilolijua: hozi ya upande wa mvuto ikipasuka haivujishi dizeli nje, inaingiza hewa ndani, kwa hiyo unaweza kuangalia sakafu kavu ukadhani ni nzima. Yangu ilikuwa na mpasuko mdogo kwenye klempu, akaibadilisha, lakini akasema siyo hiyo peke yake. Tukamwaga dizeli yote. Akachomoa bomba la kunyonyea: safi, halina kitu. Moyo wangu ukaanza kushuka.

Akaomba tochi na kipande cha waya wa seng'enge. Akaukunja ncha kama ndoano, akaingiza mdomoni mwa tanki, akawa anapapasa sakafu ya tanki taratibu, kona kwa kona, macho amefumba. Kwenye kona ya nyuma alisimama. Akavuta.

Kilikuwa kipande cha mfuko wa sabuni ya unga, ukubwa wa kiganja, kimelainika kama ngozi ya samaki, maandishi ya bluu yamefutika nusu. Katikati kilikuwa na alama ya duara iliyovimba kidogo. Mzee alichukua bomba la kunyonyea, akaweka mdomo wake juu ya ile alama. Ukatoshea sawasawa.

Nailoni haielei kwenye dizeli. Inazama, inatambaa chini. Injini ikifanya kazi inavutwa polepole hadi mdomoni, inaubana, injini inakohoa. Ukizima, mvuto unaisha, inaanguka pembeni. Ndiyo maana fundi akifungua haoni kitu. Ndiyo maana siku ile ilifanya kazi saa mbili baada ya kubadilisha filta: tulikuwa tumeitikisa mashine, kile kipande kikaenda kona ya mbali.

Na nilikijua kile kipande. Vijijini hakuna kituo cha mafuta karibu, tunabeba dizeli kwa madumu, na mfuniko wa dumu moja ulikuwa unavuja ndani ya gari. Mwezi Machi nilikata mfuko wa sabuni jikoni kwangu, nikauweka chini ya mfuniko ubane. Kila mtu huku anafanya hivyo. Siku moja mfuniko ulifunguliwa, nailoni ikabaki mdomoni mwa dumu, ikaingia tankini pamoja na dizeli. Opareta hakuona. Mimi ndiye niliyeikata.

Mlio wa kugonga ulichukua muda mrefu zaidi kuuelewa kuliko kuutengeneza. Mzee aliuliza kama pampu ilitolewa, nikasema ndiyo. Akauliza vibati vyembamba vilivyokuwa chini yake viko wapi. Sikujua anazungumzia nini. Ni shimu, vibati vyembamba kama karatasi vinavyokaa kati ya pampu na injini, na idadi yake ndiyo inayopanga dizeli irushwe lini. Ukipunguza, inarushwa mapema, injini inagonga. Tulikwenda kwa yule fundi, akatupa kopo la maziwa lililojaa bolti zilizobaki, na chini kabisa, imegandamana na grisi, ilikuwemo shimu moja. Haikuwa ubaya wake tu. Hakuna aliyepiga picha wala kuhesabu wakati wa kufungua, nami nilikuwa nimesimama pale na simu yenye kamera mkononi. Ilirudishwa mahali pake, mlio ukaisha.

Mzee alitaka 50,000. Hozi na klempu zilikuwa 9,000. Nilimwongezea, akakataa, akapokea nazi na samaki.

Kwa sasa kila asubuhi kabla ya kuwasha, opareta anamwaga kikombe cha maji na kukiangalia. Jioni tunajaza tanki badala ya kuliacha nusu, maana hewa ya pwani yetu yenye unyevu hutoa jasho ndani ya tanki tupu usiku. Dizeli inapita kwenye chujio la waya na kitambaa kisichotoa nyuzi. Garini kuna hozi mita mbili, klempu nne, filta moja mpya na dumu la lita 5 ambalo halifanyi kazi nyingine yoyote. Fundi akija namsomea daftari kwanza kabla hajafungua boksi, na kabla ya hedi yoyote kufunguliwa naomba geji. Wengine hawapendi. Mmoja aliondoka.

Rejesho la dada nililimaliza Julai. Malipo ya awali ya mteja wa Nanyamba nilimrudishia yote isipokuwa ya mita 260 tulizochimba, na mwezi Septemba alinipigia tena, ana mtaro mwingine. Tulikwenda. Kule njiani opareta alinyanyua dumu la tatu akaniambia mfuniko wake bado unavuja kidogo, atie nini. Nikamwambia asitie kitu, aliweke wima.